Gari la Waya na Vipande Tisa vya Mbao

Mtoto wa Kiloleli akitaka gari hasubiri duka. Anatafuta waya: wa uzio uliochakaa, wa kufungia marobota ya pamba, wowote unaokunjika bila kukatika. Anatafuta soli za ndala zilizokwisha, anazikata miduara minne kwa kipande cha wembe. Kisha anakaa kivulini na kuanza kukunja. Hana mchoro mbele yake. Lori lililopita asubuhi limeshakwenda zake na pamba yake. Limebaki kichwani mwake tu. Tela linaungana wapi na kichwa, kioo cha mbele kimelala kiasi gani, tairi za nyuma ziko mbili au nne. Jioni gari linasukumwa kwa fimbo ndefu uani, na wenzake hawaulizi ni gari gani. Wanajua hili ni Fuso na lile ni Scania.

Kiloleli ziko kadhaa Usukumani. Hii ninayoisema ni ya mkoa wa Simiyu, kata ya wilaya ya Busega, nchi ya pamba, ng'ombe na dagaa wa ziwani. Lakini ungeweza kumkuta mtoto huyo Bariadi, Maswa au Meatu na nisingebadilisha neno.

Sasa mkalishe mtoto huyohuyo mezani. Mwekee vipande tisa vya mbao vyenye rangi nyekundu na nyeupe, mwonyeshe picha kwenye kadi, mwambie: panga vifanane na hii, haraka uwezavyo. Wewe umeshika saa. Inawezekana kabisa akashindwa na mtoto ambaye hajawahi kukunja waya hata siku moja. Karatasi ya majibu itaandikwa alama ndogo, na alama hiyo itamfuata ofisini, hospitalini au shuleni kama habari ya kichwa chake. Ni habari ya nini hasa?

Jaribio lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Samuel Kohs alilichapisha mwaka 1920, akaliandikia kitabu mwaka 1923. Alitumia michemraba 16 ya rangi, ya aina ya vitu vya kuchezea watoto, pamoja na picha 17 za kunakili, kuanzia nyepesi hadi zinazoumiza kichwa. Alitaka kipimo ambacho hakitegemei maneno, ili mtoto asiyeijua lugha ya mpimaji, au kiziwi, naye aweze kupimwa. Mwaka 1939 David Wechsler, wa hospitali ya Bellevue mjini New York, alilichukua wazo hilo na kuliingiza katika kipimo chake cha akili. Tangu hapo limesafiri dunia nzima. Rangi zikapunguzwa zikabaki mbili: kila mchemraba una nyuso mbili nyekundu, mbili nyeupe, na mbili zilizokatwa kwa ulalo, nusu nyekundu nusu nyeupe.

Linaonekana jambo la kitoto. Hebu tupige hesabu. Uso wa juu wa mchemraba mmoja unaweza kuonekana kwa namna 6: mwekundu mzima, mweupe mzima, au ule wa nusu kwa nusu ukiwa umegeuzwa upande mmojawapo kati ya minne. Kwa michemraba 4, mipangilio inayowezekana ni 1,296. Kwa michemraba 9 inafika 10,077,696. Unaoendana na picha ni mmoja. Mtu anayebahatisha angekaa hapo hadi pamba ivunwe mara kadhaa. Wengi wetu tunaumaliza ndani ya dakika moja au mbili, kwa hiyo kichwani kuna kazi inayofanyika kabla mkono haujagusa mbao.

Kazi hiyo kwanza ni kuivunja picha. Kadi inaonyesha umbo zima, tuseme almasi nyekundu juu ya uwanja mweupe, bila mistari ya kuonyesha kipande kimoja kinaishia wapi. Jicho linaipenda ile almasi. Linaiona kama kitu kimoja na halitaki kuichana. Lakini kwenye mbao hakuna almasi. Kuna pembetatu nne zilizokutana katikati. Asiyeweza kuichana almasi kichwani atageuza vipande hadi achoke. Mwaka 1993 watafiti wawili wa London, Amitta Shah na Uta Frith, walionyesha jambo hili vizuri sana. Ilishajulikana kuwa watu wengi wenye usonji hufanya vizuri ajabu kwenye jaribio hili. Shah na Frith wakawapa watu wote picha ambazo tayari zimekatwa vipande vinavyoonekana. Wale wasio na usonji wakapata nafuu kubwa. Wenye usonji, nafuu yao ilikuwa ndogo. Hawakuihitaji. Macho yao yalikuwa yanaona vipande tangu mwanzo.

Baada ya kuvunja ndipo mkono unaingia. Katika miaka ya 1960, huko California, Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga walimchunguza mwanamume ambaye, ili kutuliza kifafa chake, madaktari walikuwa wamemkata njia inayounganisha nusu mbili za ubongo. Mkono wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia ya ubongo, uliipanga michemraba bila shida. Mkono wa kulia, ule aliokuwa akiandikia, ukababaika. Kilichofuata kinachekesha na kusikitisha kwa pamoja: mkono wa kushoto ulikuwa unarukia mezani kuusaidia mwenzake, hadi ikabidi uzuiwe. Mtu mmoja, mikono miwili, na mmoja tu ndio uliojua picha inasemaje. Sperry alipata tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa uchunguzi wa aina hii. Madaktari nao mpaka leo hutumia michemraba kwa mgonjwa wa kiharusi, si kwa ajili ya alama tu, bali kuona anakosea vipi: mmoja anaharibu mraba wa nje wenyewe, vipande vinatawanyika kama nyumba isiyo na kuta, mwingine mraba wake uko sawa, ila vipande vya ndani vimegeuzwa vibaya. Makosa hayo mawili yanaweza kuelekeza kwenye pande mbili tofauti za ubongo.

Kwa hiyo mimi si mpinzani wa vipande hivi. Vinaona kitu cha kweli. Ugomvi wangu ni pale vinapopelekwa kijijini na kutafsiriwa kana kwamba mezani pana akili tupu, isiyo na mkono, isiyo na mazoea, isiyo na kwao.

Anza na saa. Katika vipimo vingi vya aina hii, anayemaliza haraka anaongezewa alama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mallory Wober, aliyekuwa akifanya utafiti Uganda, aliwauliza Waganda wanafikiria nini wanaposikia neno obugezi, ambalo hutafsiriwa kuwa akili. Wanakijiji walilihusisha na utulivu, uangalifu, mwendo wa taratibu. Watu waliosoma elimu ya kizungu walielekea kwenye kasi. Mtoto aliyelelewa na bibi anayeamini kwamba mwenye akili hakurupuki atafanya nini akipewa kadi? Ataiangalia. Ataiangalia tena. Ataweka kipande kimoja, atakisukuma kikae sawa, maana kazi isiyonyooka ni aibu. Saa inahesabu heshima hiyo kama upungufu. Waliotunga vipimo wenyewe waliliona hili: matoleo mengine ya kipimo cha Wechsler yanaruhusu kutoa alama ya pili isiyojali kasi. Ni nadra kuona alama hiyo ikitajwa kwenye ripoti anayopewa mzazi.

Halafu kuna mbao zenyewe, na kadi, na penseli. Mtafiti aliyeligusa jambo hili kwa namna ninayoipenda kuliko zote ni Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979 aliwalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, kwenye kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester walishinda. Kwa udongo, walitoka sare. Kwa kuiga namna mpimaji alivyoikunja mikono yake, sare tena. Kwa waya, watoto wa Lusaka walishinda.

Tulia hapo kidogo. Kama kunakili umbo ni uwezo mmoja uliolala ndani ya ubongo, mshindi angebaki yuleyule kwa waya na kwa penseli. Hakubaki. Watoto wa Lusaka walikuwa wakitengeneza magari ya waya mtaani. Watoto wa Manchester walikuwa wakichora tangu wakiwa wadogo. Kila mmoja alinakili vizuri kwa kile ambacho vidole vyake vilikizoea. Kilichopimwa ni akili iliyokwisha kufundishwa kitu fulani, na mpimaji ndiye aliyechagua kitu hicho. Angekuwa ametoka Kiloleli na koili ya waya mkobani, ripoti za miaka hiyo zingesomeka tofauti. Baadaye Serpell na Ravinder Kathuria walitunga kipimo kinachoitwa Panga Munthu, yaani tengeneza mtu: mtoto anapewa udongo na kuambiwa afinyange mtu, naye anapewa alama kwa viungo alivyovikumbuka na kuviweka mahali pake. Watoto wa Simiyu wanaofinyanga ng'ombe kwa udongo mweusi wa mbugani, wenye pembe, nundu na kila kitu, wasingehitaji maelezo marefu.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, hakihusu vidole. Kinahusu miguu.

Mwaka 1971 mtu na mkewe, Robert na Ruth Munroe, walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo wa Kilogoli, magharibi mwa Kenya, pande za Vihiga. Njia yao ilikuwa rahisi. Walifika bila taarifa, saa yoyote, na kuandika mtoto yuko wapi na yuko umbali gani na nyumbani. Walirudia hivyo mara nyingi hadi kila mtoto akawa na umbali wake wa wastani. Kisha wakawapa majaribio ya anga na maumbo, likiwemo la kunakili mpangilio wa vipande. Wavulana walikuwa wakikutwa mbali na nyumbani kuliko wasichana, na kwenye majaribio walikuwa mbele. Mwaka huohuo Sara Nerlove pamoja na akina Munroe wakatoa matokeo ya Wagusii, yakaelekea palepale: anayefika mbali ananakili vizuri zaidi.

Mwaka 1985 akina Munroe walirudi kwenye suala hilo na kuliboresha. Kilichoonekana kuwa na uzito ni umbali wa kutumwa: kuchunga, kupeleka kitu, kufuata kitu na kurudi. Kuzurura kwa mchezo hakukuwa na uzito huo.

Kwa msomaji wa Usukumani hili halihitaji mfano wa kubuni. Kijana mdogo huanzia na ndama karibu na boma. Akikua kidogo anapewa mbuzi, halafu ng'ombe, na kila daraja ni kilomita kadhaa zaidi. Akiwa na ng'ombe malishoni anabeba ramani bila kuijua: kisima kiko nyuma ya kile kichuguu, shamba la fulani halikanyagwi, njia ya mkato inafungwa maji yakijaa. Lazima aigeuze ramani hiyo kichwani, kwa sababu asubuhi aliiona kutoka upande huu na jioni anairudia kutoka upande ule. Kuigeuza picha kichwani ndiyo kazi ileile inayotakiwa mezani mbele ya kadi. Anayezurura anaweza kurudi kwa kuwafuata wenzake. Aliyetumwa anapaswa kufika.

Nikiri kwamba hoja hii ina tundu. Mama hamtumi mbali mtoto yeyote tu. Anamtuma yule anayemwamini kwamba hatapotea. Charles Super na Sara Harkness, waliokaa na Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, katika miaka ya 1970, walikuta wazazi wana neno la akili ya mtoto, ngom, na mtoto mwenye ngom ni yule anayejua la kufanya na kulifanya bila kusimamiwa. Ndiye anayetumwa. Sasa je, alipata uwezo kwa kutumwa, au alitumwa kwa sababu uwezo alikuwa nao? Utafiti wa akina Munroe ulihusu watoto wachache, na hauwezi kulimaliza swali hilo. Ningeweka dau langu kwenye mambo yote mawili: anatumwa kwa sababu anaweza, na anaweza zaidi kwa sababu anatumwa.

Lakini angalia dada yake. Naye anatumwa, tena pengine mara nyingi kuliko kaka: maji, kuni, mtoto mgongoni. Tofauti ni kwamba njia yake ya maji ni ileile kila siku, au anazuiliwa uani kwa sababu mtoto mchanga hawezi kubebwa hadi malishoni. Ukimpima kwa vipande akapata pungufu, halafu ukaandika kwamba wasichana hawana kichwa cha maumbo, umeandika uongo kwa kutumia namba za kweli. Na pengine dada huyo ndiye aliyesuka kikapu chenye mistari inayozunguka na kurudi ilikoanzia bila kupishana hata ukindu mmoja. Hakuna kadi ya kumpima kwa hilo.

Shule nayo inafanya kazi yake. Mwaka 1961 John McFie alichapisha matokeo ya wanafunzi wa shule ya ufundi nchini Uganda aliowapima walipoingia na kuwarudia baada ya miaka miwili ya mafunzo. Kwenye kujenga maumbo walikuwa wamepanda. Uwezo ambao wengine waliudhani kuwa wa kuzaliwa nao ulikuwa umeongezeka kwa kushika vifaa, kusoma michoro na kukosea.

Basi vipande hivi vina faida gani kwetu? Wapo wanaouliza hivyo kwa nia ya kuvitupa. Mimi nisingevitupa, kwa sababu ya degedege.

Kando ya ziwa malaria si habari ya vitabuni. Kila kijiji kina mtoto ambaye homa ilimpanda kichwani, akapata degedege, akapoteza fahamu, akapona, na mama yake akaona kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka sawasawa. Anasahau alichotumwa. Anaanza kazi na kuiacha katikati. Jirani wanasema ni utoto. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti wakiwemo Chandy John, Michael Boivin na Paul Bangirana waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya ubongo. Miongoni mwa vipimo vyao walikuwa na seti iliyotungwa na akina Kaufman, ambayo ndani yake kuna ndugu wa michemraba yetu: pembetatu za buluu upande mmoja na njano upande wa pili, za kupangwa zifanane na picha. Kwa matokeo waliyoyatoa mwaka 2008, miaka miwili baada ya ugonjwa karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la akili. Kwa watoto wenye afya wa eneo hilohilo ilikuwa takriban 1 kati ya 13.

Uzito wa kazi hiyo uko kwenye maneno matatu: wa eneo hilohilo. Hawakumlinganisha mtoto wa Kampala na mtoto wa New York. Walimlinganisha na watoto wa ukoo wake au wa jirani, waliokula ugali uleule na kucheza kwenye vumbi lilelile. Hapo mazoea ya mkono yanajifuta yenyewe, kwa kuwa pande zote mbili wanayo sawa, na kinachobaki kina haki ya kuitwa athari ya ugonjwa. Huko Kilifi, Kenya, Penny Holding na wenzake walikwenda mbali zaidi: badala ya kuagiza vipimo, waliviunda na kuvijaribu palepale, na mwaka 2004 wakaeleza namna walivyofanya.

Kwa upande wa Tanzania liko somo la Bagamoyo. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapima wanafunzi wa vijijini wa miaka 11 hadi 13, wakawafundisha kwa muda mfupi, chini ya saa moja, mbinu za kukabili maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Maswali yao hayakuwa ya michemraba; yalikuwa ya kupanga makundi, kutafuta jibu kwa kuuliza, na hoja za kimantiki. Alama zilipanda, na alama za baada ya kufundishwa ndizo zilizoeleza vizuri zaidi uwezo wa mtoto kwenye mambo mengine. Ukiniuliza, kila anayepima watoto wetu angepaswa kulazimishwa kupima mara mbili na kufundisha katikati.

Ukitaka kuona kwa macho yako, huhitaji seti ya kuagiza ng'ambo. Mwombe seremala masalia ya mbao akukatie vipande tisa vilivyo sawa pande zote, kama sentimita tatu. Rangi mbili, brashi moja. Chora picha mwenyewe, anza na za vipande vinne. Hutapata namba ya akili ya mwanao na usiitafute. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea, aliye na watoto wengine wa Simiyu wa kumlinganisha nao. Weka saa mbali. Angalia anaanzia wapi: pembeni au katikati. Angalia anapokwama: anaigeuza mbao, anakigeuza kichwa chake, au anainuka na kuizunguka meza. Akishindwa, chora mistari ya kukata vipande juu ya picha, halafu mwachie tena. Mpe dada yake pia, na muda uleule usiohesabiwa.

Mkimaliza usivifungie kabatini. Viache uani. Kesho yake utavikuta vimepakiwa kwenye tela la waya na kufungwa kamba kama marobota, vinaelekea Mwanza.